Kumwambia Mtoto: Historia ya Ukimya na Ukweli kuhusu Virusi Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

Watoto waliozaliwa na virusi vya ukimwi Nakuru na katika sehemu za kati za Bonde la Ufa waliuguzwa, na baadaye wakatibiwa, kwa miaka mingi kabla ya kuwapo utaratibu wowote wa kuwaeleza wanaugua nini. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Kenya aliripotiwa mwaka 1984. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu namna ya kumfahamisha mtoto hali yake ulitoka 2011. Katikati ya miaka hiyo kuna kizazi kizima ambacho jambo hilo liliachiwa mama, nyanya au muuguzi wa zamu, kila mmoja akitarajia kwamba mwenzake ndiye atakayelianza. Kusema kwamba wakubwa walikuwa na aibu ni kweli, lakini hakutoshi. Ukimya ulikuwa na sababu nyingine, na sababu hizo zilibadilika kadiri ugonjwa wenyewe ulivyobadilika: kwanza hapakuwa na dawa, kisha shule nyingi hazikuwa tayari kumpokea mtoto aliyejulikana, kisha dawa ikaja bila maneno ya kuisindikiza.

Nakuru ilizaliwa na reli iliyofika hapo mwaka 1900, na tangu wakati huo imeishi kwa watu wanaopita na watu waliokuja kutafuta kazi. Barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Malaba na Uganda inapita mjini. Malori hulala Mai Mahiu, chini ya ukuta wa Bonde, na Salgaa, upande wa magharibi wa mji. Kandokando ya Ziwa Naivasha mashamba ya maua yalivuta maelfu ya vibarua, wengi wao wanawake, kutoka Nyanza, Magharibi na Kati. Kericho kulikuwa na majani ya chai; Molo na Njoro kulikuwa na ngano, viazi na pareto. Mfanyakazi alipanga chumba kimoja katika mtaa wa Karagita, Kaptembwo au Rhonda, ukuta mwembamba ukimtenga na jirani, na jamaa zake wakabaki kijijini alikotoka. Makazi hayo yana uzito katika historia hii. Jirani alisikia kikohozi cha usiku na kuona nani anakwenda hospitali kila mwezi, hivyo siri haikutunzika kwa urahisi. Na wakati huo huo mama aliyeugua mjini hakuwa na dada wala shangazi wa karibu wa kushauriana naye juu ya mtoto.

Katika miaka ya 1980 na 1990 swali la kumwambia mtoto halikuzuka mara nyingi, kwa sababu ya kusikitisha: watoto wengi hawakufikia umri wa kuuliza. Bila matibabu, karibu theluthi moja ya watoto walioambukizwa na mama zao hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na nusu kabla ya kutimiza miwili. Tena kipimo cha kawaida hakikuweza kumtambua mtoto mchanga, kwa kuwa kingamwili za mama hubaki katika damu ya mtoto hadi karibu miezi 18. Kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe katika tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi kilianza kupatikana Kenya katikati ya miaka ya 2000. Kwa hiyo mzazi alirudi nyumbani na jina la nimonia, kuhara au utapiamlo, jina lililokuwa kweli kwa nusu. Wachache walioishi miaka minane au kumi bila dawa walikua wakiwa wadogo kuliko rika lao, wenye upele usiokwisha na masikio yanayotoka usaha, wakikosa masomo mara kwa mara. Jirani na mwalimu waliwajua kama watoto wagonjwagonjwa tu. Katika hali hiyo ukimya ulikuwa namna ya huruma: hakuna aliyeona faida ya kumpa mtoto jina la ugonjwa usio na tiba.

Desturi za jamii za Bonde la Ufa zilikuwa na mahali pa maneno mazito, ila mahali hapo hapakuwa kati ya mzazi na mtoto. Kwa Wakikuyu na kwa Wakalenjin, mambo ya mwili, ya ndoa na ya kujamiiana yalifundishwa na nyanya na babu, au na wasimamizi wa jando wakati kijana alipotengwa na nyumba ya mama yake. Mama kumweleza mwanawe jambo linalogusa kitanda chake mwenyewe kulivunja heshima, na ukimwi ulidai hilo hasa. Nyanya, ambaye ni cucu kwa Wakikuyu na gogo kwa Wakalenjin, ndiye aliyekuwa na kibali cha kuyasema, kwa utani na kwa hadithi za jioni. Lakini ugonjwa ulipowaua wazazi, nyanya huyo huyo aligeuka kuwa mzazi. Sasa alikuwa mtu wa kutafuta karo, kumwadhibu mtoto na kumsimamia anapomeza dawa. Utani ukapungua, na ile nafasi ya maneno ikaziba. Jambo hili halijatiliwa maanani inavyostahili. Wahudumu wa afya walipokutana na bibi asiyetaka kusema, mara nyingi walidhani hajasoma au anashikilia ushamba, ilhali alikuwa amebebeshwa kazi mbili ambazo mila ilizitenganisha kwa makusudi.

Kwa yatima mzigo ulizidi, kwani kumweleza hali yake ni kumweleza pia kilichowaua wazazi wake. Makaburi yalikuwa pale pale shambani, na hadithi ya familia ilikwisha kusimuliwa: ilikuwa kifua kikuu, ilikuwa malaria ya ghafla, au watu walimwonea wivu wakamroga. Kumpa mtoto ukweli kuhusu damu yake kulimaanisha kuibomoa hadithi hiyo mbele ya wajomba na mashangazi walioijenga ili waweze kuzika kwa heshima.

Uwazi wa kwanza nchini ulikuwa wa watu wazima. Joe Muriuki alijitangaza hadharani mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo kutaja hali hiyo kulimgharimu mtu kazi na marafiki. Mwaka 1993 wanawake walioishi na virusi walianzisha chama chao, KENWA, ambacho Asunta Wagura alikuja kuwa sauti yake inayojulikana zaidi. Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa, na Baraza la Kitaifa la Kudhibiti Ukimwi likaundwa. Katika hotuba na mabango ya wakati huo mtoto alionekana kama yatima wa kulishwa na kuvishwa. Hakuonekana kama mgonjwa mwenye haki ya kujua. Wazo hilo la mtoto mwenye haki ya kujua lilitoka kwingine. Nchini Uganda akina mama wa chama cha NACWOLA walianza, katika miaka ya 1990, kuandika vitabu vya kumbukumbu pamoja na watoto wao: asili ya ukoo, jina lilikotoka, siku ya kuzaliwa, na polepole habari za ugonjwa wa mama. Kitabu kilimpa mama pa kuanzia. Nchini Marekani, ambako watoto walikuwa wamekwisha kupata dawa na kukua, chama cha madaktari wa watoto kilitoa tamko Januari 1999 kikihimiza kwamba watoto wa umri wa kwenda shule waelezwe hali yao. Yote mawili, kitabu cha mama wa Uganda na tamko la madaktari, yalichukua miaka kufika katika zahanati za Rongai na Subukia.

Mtoto aliyeishi alikutana na mlango wa shule. Masomo ya msingi yalifanywa kuwa ya bure mwaka 2003, na mwaka huo huo makao ya watoto ya Nyumbani, yaliyoanzishwa Nairobi na Padre Angelo D'Agostino mwaka 1992, yaligonga mwamba yakiomba watoto wake wapokewe katika shule za serikali. Makao hayo yalikwenda mahakamani, na Januari 2004 suala likamalizwa kwa makubaliano kwamba watoto hao waandikishwe. Kesi ilikuwa ya Nairobi, lakini habari zake zilienea nchi nzima, na mzazi yeyote aliyezisikia alielewa somo lililokuwa ndani yake: mtoto asiyejulikana hupata dawati, na anayejulikana huhitaji wakili. Mtoto wa miaka saba hujibu anapoulizwa. Kumficha ukweli kulikuwa kumlindia nafasi yake darasani. Hofu kwamba mtoto atasema nje ya nyumba ilikuja kurudiwa na walezi katika tafiti zilizofanywa baadaye, na haikuwa hofu ya kuwaziwa.

Kisha dawa zikaja. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 ilifungua njia ya kuagiza dawa za bei nafuu kutoka nje. Mwaka huo huo chuo kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Eldoret, pamoja na chuo kikuu cha Indiana cha Marekani, vilianzisha AMPATH, mpango uliopanuka hadi ukahudumia sehemu kubwa ya kaskazini ya Bonde la Ufa na magharibi ya Kenya. Kericho kulikuwa na kituo cha utafiti cha jeshi la Marekani, Walter Reed, ambacho kiliingia katika utoaji wa dawa kupitia fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na ukimwi, kuanzia 2004. Mwaka 2006 serikali ilitangaza kwamba dawa hizo zitatolewa bila malipo katika hospitali za umma. Nakuru ilipata kliniki zake za CCC, yaani vituo vya huduma kamili kwa wanaoishi na virusi, kubwa zaidi ikiwa katika Hospitali Kuu ya Mkoa, ambayo wakazi bado wanaiita PGH ingawa sasa ni hospitali ya rufaa ya kaunti. Kando ya serikali, Jimbo Katoliki la Nakuru lilikuwa na huduma zake za majumbani na kituo cha Love and Hope, na mwaka 2011 ulianza mradi wa Nuru ya Bonde, uliofadhiliwa na Marekani, ukisaidia zahanati na familia za yatima katika Nakuru, Baringo, Laikipia, Narok na Kajiado.

Dawa za watoto zilichelewa kuliko za wakubwa. Mwanzoni tembe za watu wazima zilivunjwavunjwa, au mlezi alipewa chupa kadhaa za maji ya dawa na bomba la sindano la kupimia. Sharubati ya lopinaviri ilikuwa chungu kiasi cha kumfanya mtoto atapike, na ilitakiwa kuhifadhiwa mahali pa baridi, sharti gumu kwa nyumba isiyo na umeme. Tembe ndogo zilizochanganya dawa tatu pamoja zilipatikana kuanzia mwaka 2007 hivi. Lakini tayari jambo kubwa lilikuwa limetokea: watoto walipona. Aliyekuwa akibebwa mgongoni alirudi kucheza mpira, akaingia darasa la tatu, la nne, la tano, na kila siku asubuhi na jioni alimezeshwa kitu ambacho ndugu zake hawakumeza.

Hapo ndipo ukimya ulipopoteza sababu yake ya huruma ukawa hatari. Watoto walipouliza waliambiwa kwamba ni dawa ya kifua, ya pumu, ya damu, ya kuongeza nguvu, au kwamba wataacha wakimaliza chupa hii. Jibu la mwisho ndilo lililoleta madhara zaidi, kwa sababu mtoto aliyeahidiwa mwisho huuona udanganyifu chupa mpya inapofunguliwa. Zaidi ya hayo, watoto hawa walikuwa wakisoma. Masomo kuhusu ukimwi yalikuwa yameingizwa shuleni, redio zilikuwa na matangazo, na ukuta wa kliniki ulijaa mabango. Wengi walijua ukimwi ni nini, unaambukizwaje na unamfanya nini mtu, kabla ya kujua kwamba walikuwa nao. Walijifunza kwamba ni ugonjwa wa zinaa na wa kifo, kisha siku moja wakasoma kibandiko cha chupa yao, au wakasikia wauguzi wakizungumza, au wakatukanwa na binamu katika ugomvi wa kawaida. Mtoto aliyejua kwa njia hiyo alibaki na siri pande mbili: mlezi akimficha yeye, naye akimficha mlezi kwamba anajua.

Mwaka 2008 mambo hayo yote yalitiwa katika mahema. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini na kuwahamisha wengine wapatao 600,000, na Bonde la Ufa ndilo lililoumia kuliko sehemu nyingine. Nakuru mjini moto uliwaka katika wiki ya mwisho ya Januari, Naivasha ikafuata. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru uligeuzwa kambi. Familia zilikimbia bila kadi za kliniki na bila dawa, na mgonjwa aliyetaka kuendelea na matibabu alilazimika kuitaja hali yake kwa mtu asiyemjua, mbele ya watu asiowajua. Hemani hakuna kabati la kufichia chupa. Katika maisha ya namna hiyo baadhi ya walezi waliacha kuwapa watoto dawa kuliko kuonekana wakiwapa. Wahudumu wa afya waliona hapo, pengine kwa mara ya kwanza kwa uwazi huo, kwamba mtoto asiyejua anachotumia hawezi kukitafuta anapotenganishwa na mtu aliyekuwa akimpa.

Utafiti wa kina ulifanyika Eldoret, kaskazini mwa eneo hili. Rachel Vreeman, Winstone Nyandiko na wenzao wa AMPATH waliwahoji walezi na watoto wa miaka 6 hadi 14 katika kliniki za mpango huo. Ripoti yao ya mwaka 2014, iliyohusu watoto 792 pamoja na walezi wao, ilionyesha kwamba ni asilimia 26 tu ya watoto waliojua hali yao. Mama walisema wanaogopa kuchukiwa na mtoto. Walezi wengine waliogopa maswali kuhusu baba, au kwamba mtoto atakata tamaa na kuacha dawa. Wengi walisema wangependa kumweleza ila hawakujua waanze na neno gani. Kutoka hapo likaja jaribio lililoitwa HADITHI, lililofanywa katika kliniki nane kwa miaka miwili: nne zilipewa washauri waliofunzwa, vikao vya familia na filamu fupi za watoto waliopitia hali hiyo, na nne zikaendelea na huduma ya kawaida. Jambo lililotofautisha kazi hiyo na mahubiri ya awali ni kwamba ilianza kwa mlezi. Mama aliyejilaumu kwa miaka kumi alipewa kwanza mtu wa kumsikiliza yeye.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 ulipendekeza kwamba watoto wa umri wa kwenda shule waambiwe hali yao, na walio wadogo zaidi waelezwe kidogo kidogo kulingana na ufahamu wao. Miongozo ya Wizara ya Afya ya Kenya ilifuata mkondo huo: mazungumzo yaanze mtoto akiwa na miaka mitano au sita hivi, na ukweli ukamilike anapokaribia au kufikia miaka 10, kabla ubalehe haujaleta maswali yake. Sheria ilikuwa tayari imeweka mipaka. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 ilikataza kumpima mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi, isipokuwa mtoto aliye mjamzito, mwenye mtoto, aliyeolewa au aliye katika hatari ya kuambukizwa. Haikusema mtoto aambiwe lini. Pengo hilo lilijazwa na mafunzo ya wauguzi na washauri nasaha.

Utaratibu uliozoeleka katika kliniki za Bonde la Ufa huenda hivi. Mtoto wa miaka mitano huambiwa kwamba dawa inamsaidia asiugue. Akiwa na saba au minane huelezwa kwamba damu yake ina askari wanaoulinda mwili, kwamba kuna mdudu anayewashambulia, na kwamba dawa humlaza mdudu huyo usingizi. Mtoto akiruka siku, mdudu huamka. Mfano huu wa askari umetumiwa sana kwa sababu mtoto anaweza kuurudia kwa maneno yake mwenyewe, na mshauri akajua ameelewa nini. Jina la virusi hutajwa baadaye, mlezi akiwepo, na ikiwezekana mlezi ndiye alitaje. Kabla ya hapo mshauri humuuliza mtoto anajua nini tayari, na si mara chache mtoto hutaja jina mwenyewe, mama akabaki akilia kwa kugundua kwamba alikuwa akilinda mlango uliokwisha kufunguliwa. Kazi hiyo haimalizwi kwa siku moja. Ziara za miezi inayofuata ndizo zinazoonyesha mtoto amefanya nini na habari aliyopewa.

Maswali ya watoto yanafanana kwa kiasi kikubwa. Nitakufa lini? Nani mwingine anajua? Nani alinipa? Kwa nini mdogo wangu hana? Nitaoa, nitaolewa, nitazaa? Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa anayeulizwa mara nyingi ndiye jibu. Washauri wazoefu humwandaa mama aseme ukweli ulio wazi: kwamba mtoto alipozaliwa yeye mwenyewe hakujua, au dawa za kuzuia maambukizi hazikuwa zimemfikia. Kenya ilianza kutoa nevirapini kwa wajawazito kuanzia mwaka 2000 hivi, baada ya utafiti wa Kampala wa 1999 kuthibitisha nguvu yake, na huduma hiyo ilichukua miaka kusambaa. Mtoto wa kwanza aliyezaliwa 1998 na wa pili aliyezaliwa 2005 wangeweza kutofautiana kwa sababu hiyo tu. Kwa swali la ndoa, jibu limekuwa jema zaidi mwaka hadi mwaka: mtu anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwa kipimo haambukizi mwenzake kwa ngono, na anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Mtoto anayeelezwa leo anapokea habari iliyo nyepesi kuliko ile aliyoogopa mama yake kuitoa mwaka 2003.

Hata hivyo nyepesi si sawa na rahisi. Baada ya kuambiwa, watoto wengine hunyamaza kwa wiki kadhaa. Wengine humkasirikia mama, hutupa dawa chooni, hushuka masomoni au hujitenga na wenzao. Huzuni ya mtoto ilichelewa kutambuliwa kuwa jambo la kutibiwa. Kwa miaka mingi kadi ya kliniki ilikuwa na nafasi ya uzito, ya idadi ya seli za kinga na baadaye ya wingi wa virusi. Haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtoto halali usiku. Kilichosaidia kwanza hakikutoka kwa wataalamu wa akili, ambao ni wachache mno nje ya Nairobi. Kilitoka kwa watoto wenyewe walipokutanishwa. Vikundi vya Jumamosi na vya likizo vilianza kama njia ya kupunguza foleni, vikawa mahali ambapo kijana wa Njoro aligundua kwamba yule anayeketi karibu naye, mrefu, mcheshi, mchezaji mzuri, anameza dawa ile ile. Kuanzia 2016 hivi vikundi vya vijana vilipewa mwendo mpya kupitia mpango wa Kenya wa Operation Triple Zero: kutokosa miadi, kutokosa dawa, kutoonekana virusi. Mpango huo umewatendea vijana kama washirika, na hilo limeleta faida. Lakini lugha ya ushindi ina gharama kwa anayeshindwa, na kijana ambaye virusi vyake vimepanda huhitaji mtu wa kumuuliza kilichompata nyumbani kabla ya kuulizwa kuhusu tembe.

Mahali pawili hasa pamekuwa mtihani kwa vijana wa eneo hili. Pa kwanza ni shule ya bweni. Kidato cha kwanza kilikuja na fomu ya hospitali, bweni la vitanda vya ghorofa na sanduku la chuma lililofunguliwa mbele ya wenzako. Wanafunzi wametia pamba ndani ya chupa ili tembe zisigonge, wamezihamishia kwenye karatasi au kopo la vitamini, wamemeza gizani bila maji. Shule iliyo na muuguzi anayetunza siri humwokoa mwanafunzi; isiyo naye humfanya achague kati ya dawa na amani. Pa pili ni jando. Kwa Wakalenjin, wavulana huingia menjo, nyumba ya kutengwa, katika likizo ya Novemba na Desemba na kukaa wiki kadhaa chini ya wasimamizi, mbali na mama zao. Mvulana anayetumia dawa hawezi kuingia bila angalau mtu mmoja kujua. Familia nyingine humpeleka hospitalini, nyingine humwamini msimamizi mmoja. Kwa vyovyote, kijana asiyejua hali yake hawezi kushiriki katika uamuzi huo, na ndiyo maana walezi wengi walijikuta wakisema ukweli mwishoni mwa darasa la nane, kwa haraka, wakati jambo hilo lilipaswa kuwa limekwisha miaka minne nyuma.

Serikali yenyewe ilikaribia kuivuruga kazi hii. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza maofisa wa utawala wakusanye takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi, pamoja na walezi wao na wajawazito, kwa nia iliyotajwa ya kupanga huduma. Majina yangeorodheshwa pamoja na hali za watu. Shirika la kutetea haki la KELIN na wengine, wakiwemo wasimamizi wa Nyumbani, walifungua kesi, na Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu aliamua kwamba agizo hilo lilikiuka haki ya faragha na maslahi ya mtoto. Uamuzi huo una maana pana kuliko orodha yenyewe. Mtoto anapoelezwa hali yake huahidiwa wakati ule ule kwamba yeye ndiye atakayechagua nani mwingine ajue, na ahadi hiyo haina thamani ikiwa chifu ana nakala.

Miaka ya karibuni imeleta mema na mabaya kwa pamoja. Mapema 2021 dawa zilizotolewa na Marekani zilikwama bandarini Mombasa kwa mzozo wa kodi na ugavi, na sharubati ya watoto pamoja na Septrin, dawa ya kuzuia magonjwa nyemelezi, zikaadimika. Walezi waliowaambia watoto kwamba dawa hairukwi hata siku moja walilazimika kueleza kwa nini hakuna. Mwaka huo huo Kenya ilianza kutumia tembe ya watoto ya dolutegraviri, inayoyeyuka ndani ya maji na yenye ladha ya matunda, na vita vya kila asubuhi juu ya sharubati chungu vikapungua. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Washauri wengi na akina mama waelimishaji waliokuwa wakilipwa na miradi waliondoka, na Wizara ya Afya ikaharakisha mpango wa kuziunganisha kliniki za CCC na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Kuunganisha kuna jema lake, kwani mlango wa CCC umemtambulisha mtu kwa miaka 20 bila yeye kufungua kinywa. Lakini kumweleza mtoto kunahitaji chumba chenye mlango, saa isiyokimbizwa na mshauri yule yule kwa miaka kadhaa, na mambo hayo matatu yalikuwa yamejengwa ndani ya kliniki zile. Watoto walioanza tembe mpya mwaka 2021 wakiwa wachanga watatimiza miaka 10 kuanzia 2031, na mazungumzo yao ya kwanza, kwa mujibu wa miongozo ya Kenya yenyewe, yanapaswa kuanza miaka minne au mitano kabla ya hapo.